Madaftari Saba ya Mjomba Sudi

Biryogo, Kigali
14 Januari 1979

Zamda mwanangu,

Kuna jambo nimelificha karibu miaka sitini. Linahusu yale madaftari yangu saba ya shule, na nimeamua nisife nalo. Nimeliandika mwanzo kabisa, kabla hata ya salamu, ili nikifika katikati ya barua nisijifanye nimesahau.

Sasa salamu. Assalamu alaikum wewe, mumeo, dada yangu Nyiraneza, na huyo mjukuu wangu Mukeshimana. Sisi hatujambo, isipokuwa moyo wangu, ambao daktari anasema umezeeka kuliko mwenyewe. Amenikataza kupanda mlima. Nikamuuliza, "Daktari, katika Kigali hii niende wapi bila kupanda?" Akacheka, akaniandikia vidonge. Basi nakaa barazani na miguu yangu iliyovimba, nasikiliza cherehani za majirani na kuwasahihisha watoto wa watu Kifaransa chao wanapopita. Mke wangu Mukantwari anakusalimu. Anasema gauni ulilomshonea limembana kifuani, na kosa ni la kitambaa, si la mwili wake.

Umeniomba nikukumbushe jinsi nilivyokulea ile miaka sita uliyokaa kwangu, ili nawe umfundishe mwanao kusoma kwa bidii na kupenda kazi. Unasema ana miaka kumi na miwili, ulimi mwepesi na mkono mzito. Nilikusudia kukujibu pamoja na lile jambo la juu, kwa kuwa ni kitu kimoja. Lakini Kalisa, dereva anayekuja huko kwenu, amekwisha kuwasha lori, anapiga honi mbele ya msikiti na watu wanatoka mmoja mmoja kumtazama. Nisipompa barua hii sasa, atapigwa.

Mjomba wako,
Sudi Maneno


Buyenzi, Bujumbura
22 Februari 1979

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako imefika baada ya wiki tano. Kalisa anasema ilikuwa chini ya kiti chake, nami namwamini, maana inanuka dizeli na ndizi. Sisi wazima. Mama hajambo, anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo afya ipo. Wateja wa harusi ni wengi, nimenunua cherehani ya pili. Pole sana kwa moyo. Meza vidonge, usiviweke chini ya mkeka kama mwaka juzi.

Lakini Mjomba, mtu gani huingia nyumbani akipiga kelele za moto, halafu akaomba chai? Nilimsomea Mama barua yako kwa sauti kama kawaida, kwa kuwa yeye, maskini, hakupelekwa shule. Nilipofika kwenye madaftari akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, unacheka nini?"

"Namcheka Sudi. Soma mbele."

Mbele hakukuwa na kitu.

Madaftari yale, Mjomba, ndiyo yaliyotulea ukoo mzima. Kila Idi, kabla ya kupewa nguo mpya, kila mtoto alinakili ukurasa mmoja, nawe umesimama nyuma yetu: "Tazameni! Niliandika haya nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa mwanga wa jiko. Tafuteni doa. Hakuna!" Nilikuwa nikiyachukia kwa moyo wote, na ndiyo yaliyonifanya niwe mtu anayemaliza kazi yake. Sasa nayataka kwa ajili ya Mukeshimana. Hebu sikiliza mtoto huyu. Juzi namwambia, "Lete hesabu zako nizione."

"Nimeshazifanya, Mama. Ziko kichwani."

"Zitoe kichwani uziweke kwenye karatasi."

"Zikitoka zitapotea."

Nifanye nini na mtoto kama huyu? Mwezi wa sita ana mtihani wa darasa la sita. Nitumie hata daftari moja. Na uniandikie zile kanuni zako, hasa ile ya maharage. Tangu zamani najiuliza mwanamume asiyejua chumvi inakaa wapi aliipata wapi kanuni ya maharage.

Zamda


Biryogo, Kigali
18 Machi 1979

Zamda mwanangu,

Assalamu alaikum. Usishangae mwandiko kuyumba. Nimelala hospitali siku kumi na moja, nimerudi nikiwa mwepesi. Mukantwari ananilisha uji kwa kijiko kama mtoto, na nikikataa anasema, "Muzee, iko ya kuisha yote." Mkuu wa shule yetu ya zamani alikuja kuniona, akaleta wanafunzi thelathini waniimbie. Watu wa wodi nzima waliomba nipone haraka.

Daftari la nne nimempa Kalisa, limefungwa ndani ya kanzu yangu ya zamani. Kanuni ni hizi, nawe unazijua.

Kazi inaanza maharage yanapotiwa jikoni na inaisha yanapoiva. Usimwambie mtoto "soma saa mbili", maana atakaa anatazama saa. Mwambie "soma mpaka maharage yaive", naye hataweza kuyaharakisha, wala hataona aibu kuinuka yakiwa tayari, kwa sababu kila mtu anaona kuwa yameiva. Na iwe kila siku, hata siku ya sherehe, hata ikiwa siku hiyo mnakula wali.

Lile gumu lifanywe kwanza, maji yakiwa bado baridi. Mtoto akianza na analolipenda, lile gumu litakutana naye akiwa na njaa.

Akikosea, afumue. Wewe fundi unanielewa. Mshono uliopinda haushonewi juu yake mshono mwingine. Afute chote, aanze upya, na wewe usimgombeze wakati anafumua; kufumua kwenyewe kunatosha.

Na mwisho, kabla ya kufunga daftari amsimulie mtu asiyelisoma somo lile. Asiyejua kabisa. Mtu huyo asipoelewa, basi mwanafunzi naye hakuelewa, afungue tena. Nimewafundisha hivi watoto wa Biryogo miaka thelathini na mmoja, na wengine leo wana maduka mpaka Kabuga.

Unauliza nilizipata wapi. Ni swali zuri. Nilikusudia kulijibu leo, lakini Mukantwari amekuja na uji.

Mjomba wako,
Sudi


Buyenzi, Bujumbura
29 Aprili 1979

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa hospitali. Hatujambo. Samahani kwa kuchelewa. Sikukuandikia mwezi uliopita kwa sababu nilikuwa na furaha nikaona niiache ikomae kwanza, na sasa nakuandikia nikiwa na hasira.

Furaha ilikuwa hivi. Daftari lilifika, Mukeshimana akalishika kama yai. Maharage tukayatia jikoni kila siku mpaka mume wangu akauliza kama nchi imeishiwa vyakula vingine. Mtoto akakaa jikoni na bibi yake, kitabu mapajani, na jioni daftari lake linarudi limejaa, safi, hesabu zote sawa. Nikajisifu kwa majirani. Nikasema, ndio malezi ya Mjomba Sudi hayo.

Wiki iliyopita mwalimu wake akaniita. Akaweka daftari mbele yangu, akasema, "Mama Mukeshimana, hii si kazi ya mtoto. Huu ni mwandiko wa mtu mzima." Nikatazama vizuri. Ni kweli. Kurasa kumi na nne, Mjomba! Herufi zimelala kidogo kulia, mikia mirefu, hakuna doa. Na ukitaka nicheke katikati ya aibu yangu, mwandiko ule unafanana na wako. Ingekuwa si miguu yako, ningesema umevuka mpaka ukaja kumfanyia hesabu.

Nyumbani nikamkalisha chini.

"Nani amekuandikia?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu asiyetaka kusemwa."

"Umemlipa nini?"

"Sikumlipa. Anataka tu nimsimulie kila kitu mwalimu alichosema. Akiona nimesahau, anakasirika."

Sikupata jina. Mama alikuwa pale pale anachambua mchele, akachambua mchele ule ule mara tatu. Nikamgeukia, "Na wewe Mama, ukae naye jikoni siku zote usione nani anaingia?" Akanijibu, "Muulize mjomba wako." Tangu hapo hasemi nami, anasema na kuku.

Nimeamua. Mtoto mvivu namvumilia, mtoto mdanganyifu simvumilii. Mwisho wa mwezi wa tano namtoa shule, mtihani haufanyi. Cherehani ya pili ipo, atakaa pale ajifunze kazi ambayo hakuna mtu wa kumfanyia kwa siri. Usinikataze. Nakuheshimu mno, ndiyo maana nimekueleza kabla.

Zamda


Biryogo, Kigali
9 Mei 1979

Zamda,

Assalamu alaikum. Habari za nyumbani nitakuandikia siku nyingine. Nimempa Kalisa kofia yangu ya tarabushi, ile anayoitamani, ili barua hii ifike kabla ya mwisho wa mwezi.

Usimtoe mtoto. Aliyeandika kurasa zile ni mama yako.

Na madaftari saba, sita yaliyomo kwenye sanduku langu na hilo lililo kwako, yale mliyonakili kila Idi, yote ni mwandiko wake. Mimi sikuandika hata moja. Kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Baba yetu, Maneno, fundi aliyetoka Ujiji, alitaka mtu mmoja nyumbani ajue kusoma karatasi za serikali. Akanipeleka mimi kwenye shule ya misheni kule juu. Dada yangu, anizidiye mwaka mmoja, akabaki jikoni. Mimi nilikuwa mvivu, Zamda. Nilikuwa mvivu kwa bidii. Shule ikiisha nataka kwenda kucheza mpira wa majani ya migomba, na Nyiraneza ananishika kanzu: "Huendi mpaka uniambie leo mlisoma nini." Nikamwambia haraka haraka ili aniachie. Akauliza tena. Nikarudia. Siku moja akasema, "Nipe hilo daftari, nijaribu." Nikampa, nikakimbia.

Maharage yalimpa ruhusa ya kukaa jikoni muda mrefu bila Baba kuuliza. Ndiyo kanuni yenyewe. Lile gumu kwanza, kwa sababu maji yakianza kuchemka alihitaji mkono mmoja wa kukoroga. Alifumua kwa sababu kila ukurasa ulikuwa wa thamani kwake. Na lile la kumsimulia asiyejua, asiyejua alikuwa yeye. Kwa miaka mitatu nilikuwa wa kwanza darasani, na Nyiraneza alikuwa jikoni.

Mpaka hapo darasani tulikariri tu, kuandika kulikuwa kwa nyumbani; mwaka wa nne mwalimu alitutaka tuandike mbele yake. Nilikaa nimeshika kalamu kama mtu aliyeshika nyoka. Akaweka kurasa mbili mezani, ule wa nyumbani na ule wa darasani, akazitazama kwa muda. Yaliyofuata siku ile si ya kukusumbua nayo. Nilirudi nyumbani nikamwambia dada yangu anifundishe tangu herufi ya kwanza, naye akanifundisha. Miezi minane. Kila nilichojua baadaye, mpaka kusimama mbele ya watoto wa watu na kuitwa Mwalimu, kilitoka kwake.

Sasa sikiliza ushauri wa mvivu mstaafu. Mtoto afanye mtihani. Lakini dada yangu asimwandikie tena hata nukta, maana alinisaidia mimi vile vile na karibu aniharibu. Akae mezani, mbele ya watu wote, asikilize na kuuliza. Hakuna mtu anayeuliza kama yeye.

Mjomba wako ambaye hakuwa na mwandiko mzuri kamwe,
Sudi


Buyenzi, Bujumbura
17 Juni 1979

Mjomba,

Shikamoo. Kalisa alifika amevaa tarabushi mpaka nyusi, akakataa kuivua hata kwenye chai. Sisi wazima, na nyumba imegeuka juu chini.

Baada ya kusoma barua yako niliisoma tena toka juu. Kisha nikaenda dukani kwangu, Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anatazama vifungo. Nikamwambia, "Mama, andika jina lako."

"Mimi? Mimi naweka dole gumba, unajua."

"Mjomba amesema."

Akavisukuma vifungo kando. Kisha akachukua chaki yangu ya kukatia, akaandika juu ya kitambaa cha mteja, kitenge cha watu, kwa mwandiko ule ule: "Zamda, maharage yanaungua." Nikakimbia. Yalikuwa yanaungua kweli.

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Halafu nikakumbuka, Mjomba, kwamba miaka ishirini nimekuwa nikimsomea barua, naruka sehemu zile nisizotaka ajue, halafu barua naiacha mezani. "Mama, ulizisoma?"

"Zote. Hata ile uliyomwandikia mumeo kuhusu mdomo wangu. Uliandika vizuri, ila hukuweka nukta."

Sasa anakaa kichwa cha meza. Mukeshimana anasoma, bibi anauliza, "Kwa nini?" Mtoto anajibu. "Kwa nini tena?" Mtoto anavuta nywele. Kurasa kumi na nne zile amezifumua zote na kuziandika upya kwa mwandiko wake mbaya, nikampelekea mwalimu na kumwomba radhi. Mara mbili za kwanza alilia. Ya tatu akasema, "Bibi, ngoja, usiniambie, nimeshaiona," na macho yakawaka. Sijawahi kumwona vile. Mtihani ameufanya Jumatano. Ametoka akasema moja ilimshinda, lakini aliianza kwanza, maji yakiwa baridi. Matokeo bado. Yakiwa mabaya atarudia darasa. Cherehani ya pili nimemkodishia jirani.

Nilimuuliza Mama kwa nini alificha muda wote huo. Akasema, "Sudi alikuwa na viboko vya shule, mimi nilikuwa na shule bila viboko. Ningesema ili iwe nini?" Kisha akaniambia nikuandikie jambo moja. Naliandika kama alivyosema.

"Mwambie Sudi hivi. Siku ile ya kurasa mbili, alirudi akaniambia mwalimu ametaka kumjua aliyeandika. Nikaoga, nikajifunga kanga ya mama, nikakaa mlangoni siku tatu nikimngoja huyo mwalimu. Siku ya nne Sudi akasema mwalimu amesahau. Nikavua kanga, nikarudi jikoni. Sikuuliza tena. Sasa nauliza. Mwalimu yule alisahau kweli?"

Zamda


Biryogo, Kigali
2 Julai 1979

Dada Nyiraneza,

Hii ni barua ya kwanza kukuandikia wewe mwenyewe. Usimpe Zamda akusomee. Akichungulia, mfukuze.

Assalamu alaikum. Nimefurahi kusikia unakaa kichwa cha meza. Mwambie mjukuu wetu kwamba lile moja lililomshinda liwe la kwanza kesho. Mukantwari ameshika ubao chini ya karatasi, anaguna kila ninapopumzika. Anasema barua fupi haziui mtu. Hali yangu unaiona katika mwandiko, ambao safari hii ni wangu kweli, na ungekuwa hapa ungeniambia nifumue.

Hakusahau, dada.

Alipomaliza kuzitazama kurasa mbili hakunipiga. Alikuwa na furaha, ndiyo iliyoniogopesha. Alisema mwandiko ule lazima ni wa msichana, na kwamba anajua masista wanaopokea wasichana, mahali pa kulala papo, na kwamba yeye mwenyewe angekuja kuzungumza na Baba, hata kumbembeleza kama itabidi. Alikuwa amekwisha kuchukua kofia yake.

Ningeweza kukuambia niliogopa kwa ajili ya dini, kwamba Baba asingekubali binti yake alale kwa masista. Labda asingekubali. Lakini hilo nililifikiria miaka mingi baadaye, nilipokuwa natafuta la kujitetea. Siku ile niliwaza kitu kimoja tu: kwamba kesho darasa zima litajua mwenye akili katika nyumba ya Maneno ni msichana wa jikoni. Nilipofika nyumbani nilikuambia nusu, kwa sababu nilikuwa na aibu na nilitaka ufurahi hata kidogo. Siku tatu zile nilipita mlangoni nikakuona umejifunga kanga, nikapita tena.

Mwalimu aliniuliza, "Nyumbani kwenu nani aliandika hii? Una dada?"

Nikamwambia sina.

Sudi